Kable Kumi na Mbili

Ndani ya jengo moja karibu na bandari ya Kalemie, juu kwenye ukuta wa chumba cha cherehani za mama mmoja, kumeandikwa kwa wino mweusi: kable 12. Kando ya maandishi hayo kuna duara dogo lenye nukta katikati. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya mzee aliyenifundisha kazi ya nyaya za mtandao, ambaye mji ulimwita Papa wa Matundu. Lakini ukipanda ngazi ukahesabu nyaya zinazopita pale, utapata kumi na tatu. Ya kumi na tatu niliipitisha mimi. Kwa ajili ya hiyo moja, mzee aliharibikiwa jina, nami nikanyamaza miaka mitatu. Chini ya maandishi yake sasa kuna maandishi mengine, nitayafikia. Kunyamaza kunachosha kuliko kubeba ngazi, na mimi ngazi nimezibeba.

Alikozaliwa na watu wa ukoo wake sikuvijua. Nilimkuta tayari ni mzee, mwembamba, magoti yakilia kila alipopanda. Mimi nilikuwa baba wa watoto wawili, nimetoka kupoteza kazi ya kuuza simu, nikamwomba anionyeshe kazi. Alinitazama viatu kwanza. Akasema nirudi na viatu visivyoteleza.

Watu walimcheka kwa sababu ya kitana. Kichwani hakuwa na unywele hata mmoja, ila mfuko wa shati lake haukukosa kitana cha mbao chenye meno mapana, kile cha wanawake. Alikitumia kuchania nyaya. Nyaya ishirini zikitoka ukutani zimejisokota, yeye aliziingiza kwenye meno ya kitana, moja moja, akakivuta polepole mpaka zote zikalala sambamba. Kisha alizifunga kwa vipande alivyokata kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Vifungo vya plastiki alivikataa, akisema vinakaba kable shingo, na kable iliyokabwa itaanza kusema uongo baada ya mwaka mmoja. Kabati moja la kawaida, ambalo fundi mwingine angelimaliza kabla ya chakula, lilimla siku nzima.

Wateja walichoka naye, na mimi nilichoka naye. Juu ya dari za Kalemie, chini ya mabati, saa saba mchana, kuna joto ambalo sitaki kulieleza. Kuna vumbi na mavi ya popo. Mtu aliye mahali hapo hutaka kitu kimoja tu, kushuka. Mzee yeye alilala kifudifudi juu ya mbao, tochi mdomoni, akipima kwa vidole kama kona ya kable imepinda vizuri au imevunjika. Nikimwuliza nani atakuja kuiona kona hiyo, alinipa tochi nimshikie.

Ila jina la Papa wa Matundu halikutokana na kitana, lilitokana na kuta. Kabla ya kutoboa ukuta wowote, hata kwa tundu la kidole, aliuliza: nani anakaa ng'ambo? Na hakutosheka na jibu la mwenye nyumba. Alishuka, akatoka nje, akazunguka jengo, akapiga hodi upande wa pili. Akikaribishwa aliketi. Aliuliza jina la mtu, anafanya nini mle ndani, analala humo au anaondoka jioni, mlango wake unafungukia wapi. Ndipo aliporudi na kuinua mashine ya kutobolea.

Siku moja alikwenda kupiga hodi hivyo, nikabaki juu ya ngazi nikimsubiri. Alikuta watu wako katikati ya maombi, akaona ni aibu kuwakatiza, akaketi nao. Alirudi saa mbili baadaye. Akaniuliza kwa nini sijashuka ngazi. Siku nyingine, ng'ambo alikuta mama mgonjwa, kitanda chake kimeegemea ukuta ule ule. Akaihamisha njia nzima ya nyaya mita tatu, tukapoteza siku mbili, na mwenye nyumba akatutukana mbele ya majirani. Mzee alisikiliza matusi mpaka mwisho, kisha akaomba maji ya kuchanganyia plasta.

Sababu yake alinieleza mara moja tu, tukiwa tumekaa juu ya mifuko ya saruji tukila bukari, ugali wetu, kwa ndagala wa ziwani. Alisema ukuta uliwekwa pale ili moto ukianza huku, aliye kule apate muda wa kutoka. Wewe ukija na mashine yako ukautoboa, umechukua muda wa mtu. Haidhuru, kazi ni kazi, kable lazima zipite. Lakini muda wa mtu unaurudisha kabla ya kwenda nyumbani. Akanawa mikono, na tangu siku hiyo hakurudia tena maelezo hayo.

Kuurudisha kulikuwa na utaratibu wake. Kwanza sufu ya mawe, ile ya kijivu isiyoungua na inayowasha mikono, aliishindilia kati ya kable mpaka tundu likajaa. Kisha masitiki nyekundu, ule ugundi mzito wa kuzuia moto, iliyofika kwetu kwa shida kutoka Lubumbashi. Ikikosekana alitumia plasta. Saruji ya Kabimba, ya kiwanda cha jirani, aliisifu kwa kujengea nyumba, ila kwenye tundu la kable hakuitaka, kwa sababu anayekuja kuongeza kable atalazimika kuivunja kwa nyundo, na akiisha kuvunja hatarudishia. Na povu la kupuliza, lile la mkebe ambalo mafundi wote wa mji walilipenda kwa kuwa linajaza tundu kwa dakika moja, lilimtia hasira. Mteja mmoja alimsifia povu hilo. Mzee akakata kipande, akakiweka ndani ya mkebe wa maziwa, akakiwasha kiberiti palepale ofisini. Sote tulikimbilia nje tukikohoa, yeye wa mwisho. Kazi ile hatukuipata.

Mwisho aliandika. Kando ya kila tundu alilofunga aliweka idadi ya kable na lile duara lake. Sheria ilikuwa nyepesi: ukifungua ukaongeza, unafunga tena, unafuta namba ya zamani, unaandika yako na alama yako. Anayekuja baada yako ajue amwulize nani.

Asije mtu akadhani nilifanya kazi na mtakatifu. Nyumbani kwake kule mtaa wa Kataki, waya za umeme zilining'inia sebuleni kama kamba za kuanikia nguo, na kweli mkewe alianikia nguo juu ya mojawapo. Taa ya jikoni aliahidi kuitengeneza tangu binti yao akiwa shule ya msingi, mpaka binti akaolewa akaenda kuishi Mpala, mama yake angali anapika kwa tochi. Alikuwa mkavu wa maneno. Kazi nzuri hakuisifu, na kazi mbaya aliifungua bila kukuambia, ukaikuta sakafuni. Aliniita mutoto hata nilipoanza kuota mvi. Mara nyingi nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kesho siendi. Asubuhi nilivaa vile viatu visivyoteleza nikaenda.

Sasa ile kable.

Jengo lile lina chumba cha mitambo, chenye betri na kigeuza umeme, kwa kuwa umeme wa mji huja unapotaka. Ng'ambo ya ukuta wake ni chumba cha Mama Mushonaji, anayeshona nguo za harusi na za komunyo kwa parokia nzima. Mzee alipofunga tundu la zile kable kumi na mbili kwenye ukuta huo alikwisha kupiga hodi kwake, akaketi kati ya cherehani zake, wakawa marafiki. Kila akipita bandarini alimsalimu, na Mama alimwekea viazi vitamu.

Siku moja mwenye jengo aliniita. Mpangaji mpya, upande wa pili wa chumba cha Mama, alitaka kable yake. Mzee alikuwa kitandani na malaria. Mama hakuwepo, alikuwa msibani, ila mimi nilikuwa na ufunguo wa vyumba vyote aliotuachia mwenye jengo. Mvua ilikuwa inakusanyika juu ya ziwa, na watu wawili wengine walikuwa wakinipigia simu. Nikachukua bisibisi nikaichimba masitiki ya mzee. Ilitoka kipande kikubwa kuliko nilivyotaka, na sufu ikaja nayo. Nikapitisha kable. Kwenye mfuko wangu hapakuwa na sufu wala masitiki wala plasta. Nikajiambia nitarudi kesho. Nikafunga mlango, nikaenda.

Sikurudi kesho, wala wiki ile, wala iliyofuata. Sina sababu ya kutoa. Nilichoka, na tundu lile lilikuwa juu, halikunitazama.

Betri zilishika moto mchana mmoja, Jumatano ya wiki ya komunyo ya kwanza. Wapakiaji wa bandari waliuzima kwa mchanga, haukutoka nje ya chumba cha mitambo. Ukuta ulistahimili na mlango ulistahimili. Ila moshi wa betri na plastiki ulipita kwenye tundu langu, ukajaa kwa Mama Mushonaji. Alitoka akikohoa, mzima, Mungu ni mwema. Nguo za komunyo zilikuwa zimetundikwa kutani, nyeupe, kila moja na karatasi ya jina la mtoto, na aliporudi ndani zote zilikuwa na masizi.

Mzee alikuja na shali shingoni, homa ikiwa imemrudia. Alipanda ngazi. Alikaa juu muda mrefu, nikaona midomo yake inacheza, nikajua anahesabu. Mimi nilisimama chini nimeshika ngazi. Aliposhuka hakunitazama. Mwenye jengo alimwuliza kama ni yeye aliyefunga tundu lile.

"Alama ni yangu," alijibu.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba niliufungua. Lakini Mama Mushonaji alianza kusema, akamwambia mzee mikono yake isiguse tena ukuta wake, hata kwa kuufuta vumbi. Alisema bila kupaza sauti. Na nilipopata nafasi ya kusema, nilikuwa nimekwisha kuona jinsi inavyokuwa kwa mtu anayekubali kosa.

Alichofanya mzee baadaye ndicho watu walichokumbuka, na walikikumbuka vibaya, kama ushahidi wa kosa lake. Aliomba zile nguo. Alhamisi na Ijumaa alizifua ziwani, magoti majini, katikati ya wanawake wanaofua nguo za nyumbani, akisugua masizi kwa sabuni ya mawese, karatasi za majina amezipanga chini ya jiwe zisipeperuke. Wanawake walicheka mwanzo, kisha wakarudi kwenye nguo zao. Nilikwenda kumsaidia. Tulifua siku mbili ubavu kwa ubavu, tukipeana sabuni tu. Nguo zilitoka si nyeupe sana. Jumapili watoto walipita mbele ya altare na nguo za rangi ya maziwa ya zamani, na kila mzazi alijua ni kwa sababu ya nani.

Baada ya hapo simu yake iliacha kulia. Watu walisema kumbe yule mzee na mikogo yake ya kupiga hodi, kuta zake zinavuja. Kazi ziliniangukia mimi. Alikaa mwaka mzima mlangoni pake Kataki, kisha mkewe alipofariki akahamia Mpala kwa binti yake. Taa ya jikoni aliiacha vile vile.

Na tundu? Mama Mushonaji alilijaza vipande vya nguo, mabaki ya satini na pamba anayoyakata mezani. Niliyaona kila nilipoingia jengoni, yamejitokeza ukutani. Nguo kavu, na ng'ambo kuna betri mpya. Nilijua ni nini kinachoweza kutokea. Lakini kulifunga kungekuwa kusema kwamba nalijua, na angeniuliza nalijuaje. Kwa hiyo nilipita. Komunyo tatu zilipita nami nikipita. Nilianza kulala vibaya, na kazini nilikuwa kama mtu anayebeba mzigo wa mwingine, ingawa mzigo ulikuwa wangu.

Mwaka huu nikasikia macho ya mzee yanafifia. Nikapanda boti kwenda Mpala. Njia nzima nilipanga maneno.

Nilimkuta uani kwa binti yake, mjukuu wake wa kike ameketi chini katikati ya magoti yake, naye anamchana nywele kwa kile kitana cha mbao, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Alinitambua kwa sauti. Akamtuma mtoto akalete kiti, kisha akamwambia aende kucheza. Tuliulizana habari za afya, za mji, za bei ya samaki. Maneno niliyopanga yaliisha yote botini. Nikasema moja kwa moja.

"Papa, ile kable ya kumi na tatu, ni mimi nilipitisha."

"Nilihesabu," alisema. "Mara tatu nilihesabu. Nilizani homa njo inanidanganya."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Alicheza na meno ya kitana kwa muda.

"Nilikukasirikia sana, mutoto. Usizani nilikuhurumia. Ile siku ningeweza kukutupa ndani ya ziwa. Lakini Mama alishakataa mikono yangu. Kama ningesema ni wewe, angekataa na yako. Sasa muntu gani angeingia kufunga? Wewe njo ulikuwa na ufunguo."

Nilitazama chini. Yeye akaegemea mbele, na uso wake ukawa ule wa zamani, wa juu ya dari, wa mtu anayependa jambo fulani na hataki lionekane.

"Ulifunga na nini? Ile masitiki nyekundu ilipatikana, ao ulitia plasta?"

Sijawahi kuulizwa swali lililoniumiza kama lile. Miaka mitatu mzee alikuwa amekaa na jina bovu, akiamini ametoa jina lake zuri, akapata ukuta uliofungwa.

"Sikufunga, Papa."

Hakuelewa mara moja. Aliuliza kama Mama bado anashonea mle. Nikasema ndiyo. Akauliza tundu likoje. Nikamwambia habari ya vipande vya nguo. Alifumba macho yake yale yasiyoona vizuri, nami nilisikia aibu mpaka masikioni. Alipoyafumbua alionekana amechoka, uchovu nisiowahi kuuona kwake hata kule juu ya dari.

"Boti ya kurudi iko lini?"

"Kesho asubuhi."

"Utaenda na hiyo. Ukifika, zunguka kwanza. Piga hodi."

Binti yake alinipa chakula na mahali pa kulala. Asubuhi mzee hakutoka kuniaga. Nilimsikia ndani akikohoa.

Nilishuka Kalemie, nikapitia nyumbani kuchukua sufu, plasta na kopo la masitiki nililolitunza tangu mwaka jana bila kujiambia ni la nini. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, ila nilizunguka jengo nikapiga hodi. Mama Mushonaji alinikaribisha bila kuinua macho kwenye cherehani. Niliketi kwanza. Kisha nikamwambia yote: siku aliyokuwa msibani, bisibisi, kipande kilichotoka, mfuko wangu usio na sufu. Mguu wake uliacha kukanyaga cherehani.

"Na Papa alijua?"

"Alijua siku ile ile, Mama. Alipopanda ngazi."

Hakuniambia nitoke, wala nibaki. Nikapanda. Nilivuta vile vipande vya nguo kimoja kimoja, vilikuwa vimeshika vumbi, nikavidondosha sakafuni. Nikazichana kable zote kumi na tatu kwa vidole, kwa kuwa kitana sikuwa nacho, nikashindilia sufu, nikapaka masitiki polepole, bila kuruka kona. Ilinichukua mchana mzima. Chini yangu cherehani haikulia hata mara moja. Nilipomaliza nilichukua kitambaa ili nifute ile 12, kama sheria ilivyokuwa.

"Ya Papa uiache," Mama alisema.

Nikaiacha. Chini yake nikaandika 13, na badala ya alama nikaandika jina langu lote. Niliposhuka alikuwa bado ameketi palepale, kitambaa cheupe alichokuwa akishona mapajani, mikono juu yake.

"Siku mbili alifua nguo zangu," alisema, "na sikumupatia hata maji ya kunywa."